Walipungukiwa viti vitatu kwao, kwetu hawakupungukiwa kitu



Leo tunataka kusema nanyi habari za serikali moja. Si serikali ya Kongo. Ni serikali ya Ubelgiji, iliyoingia kazini tarehe 26 Juni 1958, ikaisha tarehe 6 Novemba mwaka ule ule. Siku 133 tu. Miezi minne na kitu. Mtu anaweza kutuuliza: «Mnatafuta nini katika majivu ya zamani? Siku 133 ni kitu gani mbele ya miaka 80 ya kutawaliwa?» Tunamjibu hivi: nyoka hapimwi kwa urefu, anapimwa kwa sumu. Katika siku hizo 133 kila mwenye macho aliweza kuona wazi namna tulivyotawaliwa, na kwa nini mambo yalivunjika baadaye kwa haraka ile. Na somo lake halijaisha. Soma mpaka mwisho, halafu useme kama tumekosa.

HESABU KWANZA

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina rangi. Mbili ni mbili kwa mzungu, na mbili ni mbili kwa mtu mweusi.

Tarehe 1 Juni 1958 Wabelgiji walipiga kura. Baraza lao la Wateule lilikuwa na viti 212. Chama cha Wakristo kilipata viti 104. Wasosialisti walipata 84. Waliberali walipata 21. Vitatu vilivyobaki vilikwenda kwa wadogo: viwili kwa Wakomunisti, kimoja kwa wazalendo wa Waflama. Jumlisha mwenyewe: 104 na 84 na 21 na 3. Zinatimia 212.

Sasa, ili kushika wingi katika viti 212, unahitaji 107. Chama cha Wakristo kilikuwa na 104. Kilipungukiwa viti vitatu. Katika Senati kilikuwa na wingi wake, hatukatai. Lakini katika Baraza la Wateule, ambako serikali inaweza kuangushwa kwa kura, kilikuwa cha kwanza bila kuwa na nusu. Hata hivyo Bwana Gaston Eyskens alipanga serikali ya chama hicho peke yake. Wabelgiji wenyewe waliiita serikali ya wachache. Jina hilo si letu.

Je, ni dhambi kutawala na viti 104 katika 212? Hapana. Tunataka kusema kweli hata pale ambapo kweli haitusaidii. Serikali ya wachache si wizi. Katika nchi nyingi zenye Baraza inatokea, na sheria inaikubali. Maana yake ni hii tu: kila siku waziri anaamka asubuhi akijua kwamba peke yake hatoshi. Akitaka sheria ya shule, atatafuta mikono mitatu upande mwingine. Akitaka fedha, atatafuta mikono mitatu. Akijivuna, wataungana, watamwangusha. Serikali ya namna hiyo inalazimishwa na hesabu kuwa na adabu. Inaomba. Inasikiliza. Inapunguza kiburi.

Kama ni hivyo, kosa liko wapi? Ngoja.

MFANO WA KAMBI

Fikiri kambi ya wafanyakazi yenye nyumba 212. Watu wanachagua wakubwa wa kambi. Kundi moja linapata nyumba 104, linashika ofisi. Lakini ili kugawa maji, kugawa kuni, kupanga zamu ya kufagia, lazima liende kugonga milango ya wengine: «Hodi, ndugu. Tusaidie. Tukupe nini ili utukubalie?» Hayo ni mazuri. Kambi inakaa kwa amani.

Lakini nyuma ya ukuta iko kambi nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Huko ndiko wanakokaa wanaoshuka shimoni. Shaba inatoka kwao. Kodi inatoka kwao. Kambi hiyo ya pili haina nyumba hata moja katika hesabu ya 212. Wakubwa wale wale, ambao katika kambi yao hawawezi kugawa ndoo ya maji bila kuomba, wanaandika barua moja ofisini, wanaipitisha juu ya ukuta, na barua hiyo inakuwa sheria kwa kambi ya pili.

Sasa unaona kosa liko wapi. Liko kwenye ule ukuta.

Ubelgiji mwaka 1958 ulikuwa na watu kama milioni 9. Kongo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 13. Wabelgiji milioni 9 walikuwa na viti 212. Wakongomani milioni 13 walikuwa na viti vingapi katika Baraza lile? Hakuna. Si kimoja, si nusu ya kimoja. Chama cha Wakristo kilipungukiwa viti vitatu ili kutawala Ubelgiji. Ili kututawala sisi hakikupungukiwa kitu.

SHERIA ILIYOJENGA UKUTA

Ukuta huo haukujengwa na Bwana Eyskens. Tusimpe kosa lisilo lake. Ulijengwa tarehe 18 Oktoba 1908, Ubelgiji ulipoichukua Kongo kutoka mkononi mwa Mfalme Leopold wa Pili. Siku ile ilitolewa sheria kubwa iliyoitwa Charte coloniale. Sheria hiyo ilisema kwamba mambo ya Kongo yatawekewa sheria na Mfalme, kwa amri inayotiwa mkono pia na waziri wa makoloni. Kabla ya amri ilisikilizwa shauri la Baraza la Ukoloni, lililokaa Brussels, ambalo sisi hatukulichagua. Wateule wa Ubelgiji walikuwa na haki ya kuweka sheria juu ya Kongo wakitaka, na kila mwaka walipitisha hesabu ya fedha zake. Lakini kazi ya kila siku ya kutoa sheria ilikuwa kazi ya amri.

Angalia vizuri maana yake. Waziri wa shule wa Ubelgiji alihitaji mikono 107 ili abadilishe sheria ya shule za watoto wake. Waziri wa Kongo alihitaji kalamu.

Na mkumbuke tarehe. Oktoba 1958 sheria ile ilitimiza miaka 50 kamili. Mwaka ule Brussels ilifanya maonyesho makubwa ya dunia nzima, na Kongo ilipewa majumba yake humo. Walionyesha shaba yetu. Walionyesha almasi yetu. Hata watu walionyeshwa: Wakongomani waliwekwa katika kijiji cha kujengwa, wafanye kazi za mikono mbele ya watazamaji, mpaka wenyewe wakachoka kutupiwa maneno na vyakula kama wanyama, wakaondoka. Mtu anayetazamwa hivyo hahesabiwi katika 212.

MEZA MBILI KATIKA MWAKA MMOJA

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Msomaji, weka meza mbili mbele ya macho yako.

Meza ya kwanza. Wabelgiji walikuwa wamegombana miaka mingi juu ya shule. Wakatoliki walitaka fedha za serikali kwa shule zao. Wasosialisti na Waliberali, waliotawala toka 1954 mpaka 1958 chini ya Bwana Achille Van Acker, walizipunguza. Watu walijaa barabarani Brussels. Ugomvi huo uliletwa mpaka kwetu: waziri wa makoloni wa wakati ule, Bwana Auguste Buisseret, alifungua shule za serikali zisizo za misioni, na wazungu wa Kongo wakaanza kutukanana mbele yetu, wao waliotufundisha kwamba mzungu ana neno moja. Chama cha Wakristo kiliposhinda mwaka 1958 kilitaka kugeuza yote. Lakini kilikuwa na viti 104! Kikafanya nini? Kiliwaita wapinzani wake. Vyama vitatu vikubwa vilikaa meza moja, Wakristo, Wasosialisti na Waliberali, wote sawasawa, wakabishana neno kwa neno. Kabla ya mwaka kwisha, tarehe 20 Novemba 1958, walitia mkono mapatano yaliyoitwa Pacte scolaire. Ugomvi wa miaka mingi ukatulia. Kazi nzuri. Tunawasifu.

Meza ya pili. Katika miezi ile ile, serikali ile ile ilitaka kujua Kongo itakwenda wapi kesho. Waziri wa Kongo alikuwa Bwana Léo Pétillon, aliyekuwa Gavana Mkuu wetu toka 1952. Mtu huyo alitujua. Alikaa na sisi. Aliunda kundi la kazi la kuchunguza siasa ya Kongo ya kesho. Nani walikaa katika kundi hilo? Wabelgiji. Nani tena? Wabelgiji. Mkongomani? Hakuna hata mmoja.

Ndugu, soma tena maneno hayo polepole. Kwa habari ya shule za Ubelgiji, serikali iliwaita meza moja hata wale waliokuwa wakiitukana jana. Kwa habari ya nchi ya Kongo, wenye nchi hawakuitwa. Kwa nini? Je, Waliberali walikuwa na akili kuliko sisi? Je, Wasosialisti walipendwa kuliko sisi? Hapana. Walikuwa na mikono 105 katika Baraza, na serikali ilihitaji mitatu. Sisi hatukuwa na mkono wa kuinua. Mwenye mkono hubembelezwa. Asiye na mkono husomewa barua.

Watu wa Léopoldville waliona jambo hilo mara moja. Tarehe 24 Agosti 1958 Jenerali de Gaulle alisema Brazzaville, ng'ambo ya mto tu, kwamba nchi inayotaka uhuru inaweza kuuchukua. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Agosti, Wakongomani wa Léopoldville waliandika barua kwa serikali wakilalamika juu ya kundi hilo lisilo na mtu wetu. Hawakutukana. Hawakutupa jiwe. Waliandika kwa Kifaransa kizuri, kama walivyofundishwa. Walihesabu tu watu waliokaa mezani, wakauliza: sisi tuko wapi? Mwezi wa Oktoba baadhi ya watu hao walianzisha Mouvement National Congolais, Patrice Lumumba akiwa mbele yao.

WANATUJIBU NINI?

Tunawajua wale watakaotupinga. Wacha waseme, tuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: «Kundi lile lilikuja Kongo, likazunguka, likasikiliza watu wengi, na weusi pia.» Ni kweli. Lakini kusikilizwa si kukaa. Daktari anamsikiliza mgonjwa, halafu anaandika dawa peke yake. Jaji anamsikiliza mshitakiwa. Mgonjwa yuko wapi wakati wa kuandika? Mshitakiwa yuko wapi wakati wa kuhukumu? Yuko nje, anangoja mlango ufunguliwe.

Wa pili anasema: «Hata wazungu wa Kongo hawakuwa na kura katika Baraza la Brussels.» Hilo nalo ni kweli, na wao walilinung'unikia. Lakini mzungu wa Élisabethville alikuwa na ndugu Ubelgiji wenye kura. Alikuwa na chama chake cha wazungu, magazeti yake, mameneja wa kampuni waliojua mlango wa kila waziri. Mfanyakazi wa shimoni alikuwa na nini? Kadi ya kazi na posho. Mwezi wa Desemba 1957 wanaume wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipewa kuchagua washauri wa mitaa yao. Hiyo ndiyo kura yote tuliyoijua. Mtaa, ndiyo. Nchi, hapana.

Wa tatu anasema: «Serikali ile ilikuwa dhaifu, ilikaa siku chache, msiibebeshe mzigo wa miaka 50.» Hapo ndipo tunapomshika. Ndiyo, ilikuwa dhaifu. Lakini dhaifu kwa nani? Kwao. Kwetu ilikuwa na nguvu ile ile ya kila serikali iliyoitangulia. Gavana wake alikuwa na nguvu ile ile, askari wake walikuwa na risasi zile zile. Fikiri neno hili, ndugu mfanyakazi: mkubwa ambaye nyumbani kwake hawezi kuamuru hata mtoto, anakuja kazini anakuamuru wewe uamke saa kumi ya usiku. Je, udhaifu wake wa nyumbani unakupunguzia wewe mzigo? Hata kidogo.

Na tusisahau kwamba tulikuwa tumeshapigwa na serikali isiyokuwa na Baraza kabisa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière wa Élisabethville waligoma wakiomba mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na hapo walipigwa risasi. Wakati ule Ubelgiji ulishikwa na Wajerumani, serikali yake ilikuwa imekimbilia London. Haikuwa na wateule wa kuiuliza. Risasi hazikungoja kura. Kwa mtu asiyehesabiwa, serikali ya wengi, serikali ya wachache na serikali isiyo na Baraza zinafanana kama mapacha.

BAADAYE IKAWA NINI?

Tarehe 6 Novemba 1958 Bwana Eyskens alichoka kuomba. Aliwachukua Waliberali ndani ya serikali yake. Hesabu ikabadilika: 104 na 21 ni 125. Sasa alikuwa na wingi. Wabelgiji wakapumua.

Je, sisi tulipumua? Kundi la kazi lilitoa maandishi yake tarehe 24 Desemba 1958, usiku wa Noeli. Siku 11 baadaye, tarehe 4 Januari 1959, watu wa Abako walikatazwa mkutano Léopoldville, mji ukawaka moto, na watu wetu kwa makumi wakafa. Maandishi yaliyoandikwa bila sisi yalizeeka kabla wino haujakauka. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin alisema mbele ya redio neno uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 tukaupata.

Yaliyokataliwa mezani mwezi wa Agosti 1958 yalidaiwa barabarani mwezi wa Januari 1959. Kama Wakongomani wangekaa katika kundi lile, je, damu isingemwagika? Hatuwezi kuapa. Lakini tunajua hili: waliobishana mezani juu ya shule hawakuzikana.

WINGI WETU WENYEWE

Sasa tujitazame na sisi, kwa sababu mtu anayehesabu viti vya jirani lazima ahesabu na vyake.

Mwezi wa Mei 1960 tulichagua Baraza letu la kwanza la Taifa. Viti 137. Chama cha Lumumba kilikuwa cha kwanza, kikiwa na viti 33 chenyewe. Kama angetaka kufanya kiburi, angetawala na wachache kuliko wote. Hakufanya hivyo. Aliita vyama vingi, hata vile vilivyompinga, na tarehe 24 Juni 1960 serikali yake ilipata kura 74 katika Baraza hilo. Sabini na nne katika 137 ni zaidi ya nusu. Serikali ya kwanza ya Kongo huru ilipata wingi ambao serikali ya Brussels ya mwaka 1958 haikuwa nao. Wale waliosema hatujui hesabu waandike jambo hilo.

Lakini tuseme na aibu yetu. Hapa Katanga, katika Baraza la jimbo lenye viti 60, Conakat ilikuwa na viti 25, na kundi la Balubakat viti 23. Sheria ilitaka theluthi mbili za wateule wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Balubakat walitoka nje. Basi katikati ya Juni 1960, siku chache kabla ya uhuru, Brussels iliibadilisha sheria ili nusu tu watoshe. Waliotaka kutawala peke yao wakatawala peke yao. Tarehe 11 Julai wakatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katika makambi yetu jirani akamkimbia jirani, na wako waliozikwa bila jeneza. Kabila si kosa. Kosa ni kuvunja mlango wa sheria ili usiombe mikono ya mwenzako.

Na Septemba 1960? Tarehe 5 Rais Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba. Baraza la Wateule na Senati hazikukubali. Tarehe 14 Kanali Mobutu alijitokeza, akalifunga Baraza, akaweka makamishna wake. Makamishna hao hawakuomba kura 107, hawakuomba 74, hawakuomba hata moja. Tulimfukuza mwenye kutawala kwa kalamu, tukampata mwenye kutawala kwa bunduki.

MLANGO ULIFUNGULIWA, MLANGO UKAFUNGWA

Kuna neno moja zaidi, na ni la siku zetu. Ubelgiji umepata tena serikali za wachache. Desemba 2018 chama kikubwa cha Waflama kilitoka katika serikali ya Bwana Charles Michel, akabaki na wachache. Ni yeye ambaye tarehe 4 Aprili 2019 alisimama mbele ya Baraza akaomba radhi kwa watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama mweusi, waliochukuliwa kwa mama zao wakati wa ukoloni. Mwaka 2020 Bi Sophie Wilmès alitawala na vyama vitatu vyenye viti 38 katika 150. Ni wakati wake ambapo tarehe 30 Juni 2020 Mfalme Philippe aliandika kwamba anasikitika kwa mateso yetu, na mwezi wa Julai Baraza likaunda tume ya kuchunguza ukoloni.

Halafu wakapata serikali ya wengi, vyama saba pamoja. Desemba 2022 tume ikamaliza kazi bila mapatano. Walishindwa juu ya neno moja: kuomba radhi. Wako waliogopa kwamba radhi italeta hesabu ya fedha.

Mnaona sasa? Wachache walifungua mlango, wengi wakaufunga. Ndiyo maana tulisema toka mwanzo: kosa si uchache wa viti. Serikali dhaifu inaweza kusema neno zuri, na serikali yenye nguvu inaweza kunyamaza. Swali ni moja tu, mwaka 1958 na leo: inamwogopa nani? Inahitaji mkono wa nani? Katika tume ile pia, walioinua mikono ya mwisho hawakuwa watu wa Lubumbashi, wala wa Kolwezi, wala wa Kisangani.

TUFANYE NINI?

Ndugu wafanyakazi, hatuandiki haya ili muwachukie Wabelgiji. Mfanyakazi wa Liège na wa Charleroi naye alishuka shimoni, naye alikufa na vumbi, lakini yeye alikuwa na kura, na kwa kura hiyo alibembelezwa. Tunaandika haya ili mjifunze kuhesabu.

Wakija na tume ya mgodi, msiulize kwanza ina maneno gani. Ulizeni: viti vingapi? Vyetu vingapi? Wakija na mapatano ya mshahara, ulizeni: ili yapite, wanahitaji mkono wa nani? Wakisema «tumewasikiliza», jibuni: asante, sasa tuonyesheni kiti. Katika sendika yenu, katika mtaa wenu, katika jimbo na katika taifa, fanyeni hivyo hivyo. Na ninyi mkishika wingi, msimfukuze aliye mdogo mezani, kwa maana siku moja mtapungukiwa viti vitatu.

Na mama zetu wasiachwe nje ya hesabu. Mwaka 1957 hawakupewa karatasi ya kura. Nyumba inayowaacha mama nje ya mkutano imejenga ukuta ule ule tunaoulaumu.

Serikali ya siku 133 imekwisha zamani. Bwana Eyskens amekufa, Bwana Pétillon amekufa. Ukuta wao ulianguka tarehe 30 Juni 1960. Lakini matofali yake yako bado chini, na watu wa kila rangi wanajua kuyaokota. Kila unapoona meza ambapo mambo yako yanakatwa na wewe hupo, ujue mtu ameanza kujenga tena.

Usingoje ukuta ufike shingoni. Hesabu viti leo.

Msomaji, ukimaliza, usifungie nyama gazeti hili. Mpe jirani yako. Na kama hajui kusoma, msomee.